Silaha za Kisasa na Afya Yetu: Mlipuko Unavyoumiza Mwili

Ndugu msomaji, huenda ukashangaa kuona ukurasa wa afya ukizungumzia silaha. Tumezoea kusoma hapa habari za malaria, kuhara, lishe ya watoto na kliniki ya wajawazito. Mambo ya silaha tunawaachia wanajeshi na wanasiasa. Lakini mtu aliyepigwa na kipande cha bomu hapelekwi bungeni wala kambini. Anapelekwa hospitali, na mara nyingi ni hospitali ya misheni au kituo cha afya chenye daktari mmoja na chupa chache za damu kwenye friji. Kwa hiyo habari hii ni ya afya kama zile nyingine.

Wapo pia watakaosema kwamba sisi wa Shinyanga na Geita hatuna vita. Ni kweli. Lakini ukitoka Geita ukapita Biharamulo unaingia Ngara, na ng'ambo ya Ngara ni Burundi na Rwanda. Nyuma yake iko Kongo. Vita vya majirani havikai kwao vyote.

Tarehe 8 Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga wilayani Ngara, bomu la kutupwa kwa mkono lililipuka katikati ya watoto. Wanafunzi watano walifariki na zaidi ya arobaini walijeruhiwa. Kwa maelezo ya polisi, mwanafunzi mmoja alikuwa ameliokota akidhani ni chuma chakavu cha kuuza, akaja nalo shuleni. Majeruhi walikimbizwa hospitali ya Rulenge. Hapakuwa na vita siku hiyo, wala adui, wala askari. Palikuwa na mtoto aliyetaka kupata fedha kidogo ya daftari au andazi, na kitu kidogo kinachoenea kiganjani.

Bomu lilifikaje huko?

Miaka ya 1990 Ngara ilipokea watu wengi kuliko wilaya yoyote nchini. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa siku moja hivi, Wanyarwanda wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Tanzania. Wakimbizi wa Burundi walikuwa wameanza kuja kabla yao, na waliendelea kuja baadaye. Wengi mno walikuwa wanawake, watoto na wazee wasio na kitu. Lakini vita vinavyoendelea upande wa pili wa mpaka hupenyeza silaha, na silaha iliyopenya haina tarehe ya kuisha muda wake kama dawa. Inafukiwa shambani, inafichwa kwenye paa, inatupwa porini mwenye nayo anapoogopa msako. Miaka ishirini baadaye mvua inaifukua.

Wazee wa Kahama na Shinyanga wanalijua jambo hili kwa namna nyingine. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bunduki zilizagaa mikononi mwa watu wasiostahili, na wizi wa ng'ombe uliokuwa wa fimbo na mishale ukageuka kuwa wa risasi. Ndiyo moja ya sababu za Sungusungu kuanza kujipanga vijijini mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vita vilikuwa vimekwisha, askari wamepokelewa kwa shangwe, na silaha zikabaki.

Sasa ongeza biashara ya vyuma chakavu. Biashara hii si mbaya, na familia nyingi zinaishi kwayo. Lakini mizani ya mnunuzi haiulizi chuma kimetoka wapi, na mtoto hajui tofauti ya nati ya trekta na kichwa cha bomu. Mzazi ndiye anayepaswa kumfundisha.

Mlipuko unafanya nini mwilini?

Watu wengi hudhani kwamba bomu huua kwa moto. Moto upo, lakini si kazi kubwa ya bomu. Ndani ya bomu au baruti mna kitu kigumu ambacho, kikishtuliwa, hugeuka kuwa gesi kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua jicho. Gesi hiyo inahitaji nafasi kubwa mara nyingi kuliko ile ya kitu chenyewe, hivyo inaisukuma hewa pembeni kwa nguvu na kasi ya ajabu. Hewa iliyosukumwa inakuwa kama ukuta unaokimbia, na ukuta huo ndio wa kwanza kumpiga mtu.

Ukuta wa hewa huumiza zaidi sehemu za mwili zenye hewa ndani yake, yaani masikio, mapafu na matumbo. Kiwambo cha sikio ni chepesi, hupasuka mapema. Mapafu yanahitaji nguvu kubwa zaidi, lakini yakipigwa, vijifuko vidogo vya hewa hupasuka na kujaa damu. Mtu huyu anaweza asiwe na jeraha hata moja la nje. Anasimama, anajipangusa vumbi, anasema mimi mzima, anasaidia kubeba wenzake. Baada ya saa chache anaanza kuhema, kifua kinabana, anakohoa mate yenye damu. Utumbo nao unaweza kutoboka ukakaa kimya hadi kesho yake, tumbo likaanza kuwa gumu kama ubao. Ndugu wanaomleta hospitali siku ya pili hueleza kwamba alikuwa mzima kabisa jana. Hawasemi uongo.

Jambo la pili ni vipande. Bomu la mkono limetengenezwa kwa makusudi ili ganda lake lipasuke kuwa vipande vingi vidogo vyenye makali. Kombora la mota hufanya hivyo hivyo kwa ukubwa zaidi. Vipande hivi havina njia iliyonyooka kama risasi. Vinaingia vikiwa vimepinda, vinazunguka ndani, na vinabeba udongo, nyuzi za nguo, vipande vya mawe, hata vipande vya mifupa ya mtu mwingine aliyekuwa karibu. Tundu la nje linaweza kuwa dogo kama punje ya mahindi, na ndani nyama imeharibika upana wa ngumi.

Halafu mtu mwenyewe hurushwa. Anagonga ukuta, mti au jiwe, anavunjika mifupa au kuumia kichwa. Mwisho ndiyo moto, moshi na nyumba inayoanguka juu ya watu.

Ndugu zetu wa machimboni wanaweza kusema haya wanayajua, maana baruti ni chombo chao cha kazi. Ni sawa, na hapo ndipo sayansi ya vita inapofanana na kazi ya Geita, Nyarugusu au Kahama. Mwili hautofautishi kati ya baruti ya kupasulia mwamba na bomu la jeshini. Tena ndani ya duara hali ni mbaya zaidi. Mlipuko wa uwanjani hutawanyika, lakini ndani ya duara, ndani ya nyumba au ndani ya basi, ule ukuta wa hewa hugonga kuta na kurudi, ukampiga mtu mara ya pili na ya tatu. Halafu kuna hewa chafu inayobaki baada ya baruti. Sehemu yake haina harufu wala rangi, nayo huua mtu aliyeshuka haraka kuangalia mwamba kabla duara halijapumua. Sehemu nyingine huchoma mapafu taratibu, na dalili zake zinaweza kuja usiku mtu akiwa amelala nyumbani. Fataki iliyogoma kulipuka nayo ni ya kuogopwa kuliko iliyolipuka. Usiifuate, na usikubali kijana wa kibarua atumwe kuifuata. Zaidi ya yote, baruti na fataki hazilazwi nyumbani chini ya kitanda cha watoto. Sheria ya baruti ya nchi hii ipo tangu mwaka 1963, na haikutungwa kwa ajili ya migodi mikubwa peke yake.

Kwa nini daktari anaacha kidonda wazi?

Hapa yafaa tukae kidogo, maana limeleta ugomvi wodini mara nyingi. Mgonjwa ameumizwa na mlipuko, amefanyiwa upasuaji, na ndugu wanakuta kidonda hakikushonwa. Kimefunikwa tu kwa bandeji. Wanaanza kunung'unika kwamba daktari ni mvivu, au nyuzi zimekwisha, au anangoja apewe kitu.

Madaktari wa vita walijifunza somo hili kwa gharama kubwa, na limekuwa kanuni ya upasuaji wa majeraha ya vita dunia nzima. Jeraha la mlipuko limejaa uchafu na nyama iliyokufa. Ukilishona siku ile ile umewafungia vijidudu ndani ya chumba chenye giza na chakula tele. Kidonda kinaoza kwa ndani, na mgonjwa anaweza kupoteza mguu au maisha. Kwa hiyo daktari anakata nyama iliyokufa, anaosha kwa maji mengi, anaacha wazi, na baada ya siku nne au tano, akiona pasafi, ndipo anashona. Daktari aliyeacha jeraha la namna hii wazi anaijua kazi yake. Mgonjwa pia lazima apate kinga ya pepopunda, maana udongo wetu wa malishoni, wenye samadi ya ng'ombe, ni nyumba ya vijidudu vya pepopunda.

Kwa mabomu ya kutegwa ardhini hali ni ngumu zaidi. Mtu akikanyaga, nguvu yote inapanda juu kupitia unyayo. Inasukuma udongo, vipande vya kiatu na mfupa wa kisigino kwenda juu kati ya misuli ya mguu. Ndugu wanaona kwamba umekatika wayo, na daktari anakata chini ya goti au hata juu yake. Amekata pale uchafu ulipoishia.

Ahadi ya silaha zinazolenga vizuri

Kila kizazi huletewa silaha mpya na ahadi yake. Siku hizi ahadi ni kwamba silaha ni makini, inalenga adui peke yake na kumwacha raia. Tuitazame ahadi hii kwa mifano ya eneo letu.

Machi 1979, wakati wa vita vya Kagera, ndege ya kivita ya Libya aina ya Tupolev, ya mwendo kasi kuliko sauti, ilitumwa kumsaidia Idi Amin kwa kupiga matanki ya mafuta ya Mwanza. Ilikuwa ndege ya kisasa kwa wakati ule. Mabomu yake yaliangukia kisiwa cha Saanane, pale penye hifadhi ya wanyama. Waliokufa ni swala, na mfanyakazi mmoja alijeruhiwa kidogo. Wenyeji wa Mwanza wamelicheka jambo hilo miaka mingi, na wana haki. Lakini kisiwa hicho kiko karibu kabisa na mji. Kosa dogo la upande mwingine lingeleta kilio katika nyumba nyingi.

Tangu wakati huo macho ya silaha yameboreshwa sana. Zimekuja ndege zisizo na rubani, ambazo hapa kwetu zimeitwa ndege nyuki. Anayeiongoza anaweza kuwa mbali sana, ameketi kwenye kiti mbele ya kioo kama cha televisheni, na jioni akarudi nyumbani kula na watoto wake. Anaona watu kutoka juu kama siafu. Kombora linakwenda pale pale lilipoelekezwa, na hilo hatulikatai. Lakini nani ameelekeza, na alikuwa na hakika gani? Kama taarifa ni ya uongo, silaha makini inaupiga uongo kwa umakini mkubwa. Na hata likipiga panapotakiwa, ule ukuta wa hewa na vile vipande tulivyovieleza havijui kusimama kwenye kizingiti cha nyumba ya jirani.

Tarehe 7 Januari 2022 ndege isiyo na rubani iliipiga kambi ya watu waliokimbia vita huko Dedebit, Tigray, nchini Ethiopia, na zaidi ya watu hamsini walikufa. Tarehe 24 Januari 2025 ndege kama hiyo ilipiga hospitali ya El Fasher nchini Sudan iliyojulikana kama Hospitali ya Saudia. Shirika la Afya Duniani lilisema watu wapatao 70 waliuawa, wagonjwa pamoja na ndugu waliokuja kuwauguza. Fikiri, ndugu msomaji, juu ya yule mama aliyekuja na kikapu cha uji.

Si ndege hizo tu. Tarehe 3 Mei 2024 makombora yaliangukia kambi za wakimbizi wa ndani pembeni ya Goma, upande wa Mugunga, yakaua zaidi ya watu kumi, wengi wao wanawake na watoto. Watu wetu pia wamo. Tarehe 7 Desemba 2017, mwezi mmoja tu baada ya msiba wa Kihinga, askari 15 wa Tanzania waliokuwa katika jeshi la kulinda amani la Umoja wa Mataifa waliuawa kambini kwao Semuliki, Kivu Kaskazini, na wengine zaidi ya arobaini walijeruhiwa. Aprili 2024 kombora la mota liliwaua askari wetu watatu waliokuwa katika jeshi la jumuiya ya SADC huko huko Kongo. Baadhi ya walioumia wamerudi kwa familia zao, na wanatibiwa katika hospitali zile zile tunazopanga foleni sisi.

Wanaohesabu wahanga wa milipuko duniani wamekuwa wakipata jibu lile lile mwaka hata mwaka. Silaha za mlipuko zikitumika mahali panapokaa watu, takriban tisa katika kila kumi wanaouawa au kujeruhiwa ni raia. Bunduki ya mkononi angalau inamlazimu mtu kumwona mwenzake. Sisemi kwamba silaha za zamani zilikuwa na huruma. Mauaji makubwa kuliko yote yaliyotokea jirani yetu, yale ya Rwanda mwaka 1994, yalifanywa kwa sehemu kubwa kwa panga na rungu. Chuki haihitaji ufundi. Lakini ufundi unaipa chuki mkono mrefu, na kumpunguzia mwenye mkono huo nafasi ya kusikia kilio.

Tena chombo chenyewe hakina dhambi. Mwaka 2018 ndege isiyo na rubani ilijaribiwa kwa miezi sita kupeleka dawa kisiwani Ukerewe. Ilikwenda kilometa 60 kwa dakika 40 hivi, safari ambayo kwa barabara na kivuko huchukua saa nyingi. Kilichobadilika kati ya Ukerewe na El Fasher ni mzigo.

Kuna gharama nyingine ambayo haiingii katika hesabu ya waliouawa. Mwishoni mwa Januari 2025 mji wa Goma ulipotekwa na waasi wa M23, hospitali zilijaa majeruhi kupita vitanda vyake, umeme na maji vikakatika. Wagonjwa wengi wa mpox waliokuwa wametengwa Mugunga walikimbia wakachanganyika na watu. Hospitali inayopokea majeruhi wa makombora haifanyi siku ya kliniki. Mtoto hakupata chanjo ya surua, mama amejifungulia njiani, mgonjwa wa kifua kikuu amekatisha dawa mwezi wa tatu. Hao wakifa, hakuna anayeandika kwamba wameuawa na silaha.

Kifo kinachongoja chini ya udongo

Umoja wa Mataifa ulikadiria miaka ya 1990 kwamba bomu moja la kutegwa ardhini hugharimu dola 3 hadi 30 kulitengeneza, na dola 300 hadi 1,000 kulitoa. Mengi yametengenezwa kwa plastiki ili vyombo vya kutafutia chuma visiyaone. Mabomu haya ni mfano mbaya kuliko yote wa silaha isiyojua kwamba vita vimekwisha. Msumbiji, jirani yetu wa kusini, vita vyake viliisha mwaka 1992, lakini nchi ilitangazwa kuwa haina tena mabomu yanayojulikana mwaka 2015. Katika miaka hiyo 23 watu waliendelea kupoteza miguu wakienda kisimani.

Hapa Tanzania tuna jambo la kujivunia. Huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, tangu mwaka 2000 shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku kunusa baruti iliyofukiwa. Ndiye panya buku yule yule anayetuibia mahindi ghalani. Uzito wake hautoshi kulipua bomu, na pua yake haijali plastiki. Panya wa Morogoro walifanya kazi Msumbiji, na mmoja wao, Magawa, alipelekwa Kambodia. Mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza linaloheshimu wanyama mashujaa. Aliweza kumaliza eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi kwa nusu saa, kazi ambayo mtu mwenye chombo cha kutafutia chuma angeifanya hadi siku nne. Panya wengine wa hapo hapo Morogoro wamefundishwa kunusa makohozi ili kutambua kifua kikuu. Kwa wachimbaji wetu, ambao vumbi la mwamba huwaharibu mapafu na kuwafungulia mlango wa kifua kikuu, habari hiyo si ndogo.

Tanzania iliridhia mwaka 2000 mkataba wa Ottawa wa 1997 unaopiga marufuku mabomu ya kutegwa ardhini. Inasikitisha kwamba mwaka 2025 nchi kadhaa za Ulaya zinazopakana na Urusi, zilizokuwa zimesaini mkataba huo, zilitoa taarifa ya kujitoa. Zina hofu yake, na hofu hiyo si ya kubuni. Lakini atakayekanyaga mwaka 2050 huenda hajazaliwa bado.

Ikitokea karibu nawe

Mfundishe mtoto kwamba kitu cha chuma asichokijua hakiokotwi, hakipigwi jiwe, hakitupwi motoni, hakipelekwi kwa mnunuzi wala kwa mwalimu. Anakiacha palepale, anarudi kwa njia aliyokwenda nayo, anamwambia mtu mzima. Mtu mzima naye asiende kukihakikisha kwa mkono. Aweke alama kwa mbali, awazuie watu, amwambie mwenyekiti wa kitongoji au polisi. Simu ya 112 hupokelewa na polisi. Usimpige mtoto aliyekiri kwamba alikuwa amekiokota, maana kesho atakificha.

Mlipuko ukishatokea, watu hukimbilia pale wote kwa pamoja. Ni tabia yetu njema ya kusaidiana, lakini inaweza kuwa kuna kingine hakijalipuka. Wachache waingie, waliobaki watafute usafiri.

Kinachoua haraka kuliko vyote ni damu. Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kuachia kila mara ili kuchungulia. Kama ni mkono au mguu na damu haikubali kusimama, chukua kipande cha kanga chenye upana wa vidole vinne, funga juu ya jeraha, si kwenye kiungo, pitisha kijiti na ukizungushe mpaka damu ikome. Kamba nyembamba au waya hukata nyama, visitumike. Andika saa uliyofunga, hata kwa mkaa kwenye paji la uso, na usifungue mpaka hospitali. Kipande cha chuma kilichochoma ndani usikichomoe. Usipake majivu, kinyesi cha ng'ombe, mafuta ya taa wala majani ya kahawa. Kama kuna kuungua, mwagia maji safi ya kawaida kwa dakika ishirini, bila dawa ya meno. Yeyote aliyekuwa karibu na mlipuko, hata asiye na mkwaruzo, aangaliwe siku mbili. Akihema, akiumwa kifua au tumbo, akitapika au akikohoa damu, apelekwe bila kungoja.

Majeraha ya akili nayo ni majeraha. Baada ya milipuko ya maghala ya silaha ya jeshi huko Mbagala tarehe 29 Aprili 2009, na Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, ambapo kila mara watu zaidi ya ishirini walikufa, wapo waliosema kwamba miezi mingi baadaye mlango ukibamizwa walijikuta nje wamesimama. Mtoto aliyeacha kukojoa kitandani anaanza tena. Mwanamume hulala na viatu. Mtu wa namna hii hajarogwa, na haitaji kumtafuta mchawi wa kumshika. Anahitaji kusikilizwa bila kuchekwa, ratiba ya kila siku, na kama hali inapita mwezi mmoja bila nafuu, ushauri wa hospitali.

Kisha kuna mguu wenyewe. Mtu mzima hubadilisha mguu wa bandia kila baada ya miaka mitatu hadi mitano. Mtoto hukua, na mguu wa bandia haukui. Anahitaji mwingine kila baada ya miezi sita hivi, mpaka afikishe utu uzima. Tena mfupa uliokatwa wa mtoto huendelea kurefuka ndani ya nyama, ukatoboa ngozi kwa mbele, na daktari akalazimika kuukata upya, pengine zaidi ya mara moja. Mafundi wa viungo bandia wamekuwa wakifunzwa KCMC, Moshi, tangu miaka ya 1980, na wamesambaa nchini na nje ya nchi. Hospitali ya rufaa ya Bugando iko karibu nasi zaidi, na mganga wa wilaya anaweza kumwandikia mgonjwa barua ya kwenda huko. Lakini nauli ni ya mzazi, na mtoto aliyekatika mguu akiwa na miaka minane ana safari nyingi mbele yake kabla ya kufikisha kumi na minane. Familia yenye mtoto wa namna hiyo ikiomba mchango wa nauli mwezi huu, na ikaomba tena baada ya miezi sita, haijatumia vibaya ule wa kwanza.